Taa za Dunga na milango ya seli

Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi mlioacha shughuli zenu za Ijumaa, nanyi wanafunzi mliobeba viti kutoka madarasani hadi hapa: hamjambo nyote.

Jana usiku niliteremka hadi Dunga, ufuo wetu wa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Mwezi haukuwepo. Mnajua ziwa linavyokuwa usiku wa namna hiyo. Huoni mashua, huoni wavu, huoni mtu. Unaona taa tu, zimetapakaa juu ya maji mpaka macho yanapokoma. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu ufuoni alinisomea: zile tano zilizosogeleana wameshapata omena, wale dagaa wa ziwani, wanavuta. Ile pweke inayohamahama, huyo bado anatafuta. Ile iliyotulia tangu magharibi, huyo anangoja wadudu wajae kwanza. Hakumwona hata mmoja wao. Alisoma kazi yao kwa taa walizobeba.

Nilimshukuru kuliko alivyotarajia, maana kwa siku tatu nilikuwa nikitafuta namna ya kuwaeleza kazi yangu, naye akanipa bure. Mimi ni mtu wa maabara. Natazama taa ndogo ndani ya seli hai, na kwa taa hizo nasoma milango ambayo jicho haliwezi kuifikia.

Tuanze na ukuta wenyewe. Kila seli ya mwili wako imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 5 hivi. Chukua karatasi ya daftari lako. Ili kufikia unene wake ungehitaji kupanga tando za aina hiyo kama 20,000, moja juu ya nyingine. Ni mwembamba kiasi hicho, lakini kwa ayoni utando huo ni ukuta kamili, kwa sababu ayoni ni atomu yenye chaji, na chaji haielewani na mafuta. Sodiamu, potasiamu, kalisiamu na kloridi hazipenyi hivi hivi. Hupita kwenye milango ya protini iliyochomekwa ndani ya utando, na kila mlango una bawabu wake. Mmoja hufunguka volti ikibadilika. Mwingine hungoja kemikali fulani iuguse, mwingine utando uvutwe, mwingine joto lizidi. Mara nyingi hufunguka kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde, lakini katika mlango wenye kasi ayoni hupita kwa mwendo wa mamilioni kwa sekunde.

Wanafunzi wa fizikia, pigeni hesabu hii nami. Neva iliyotulia ina tofauti ya takriban milivolti 70 kati ya ndani na nje. Betri ya redio ina volti 1.5, kwa hiyo mtasema milivolti 70 si kitu. Gawanyeni kwa nanomita 5. Mnapata volti milioni 14 kwa kila mita. Hewa ya kawaida hupasuka na kutoa cheche ikifika karibu volti milioni 3 kwa mita. Basi ndani ya utando wa neva zako, hapo ulipokaa, mna umeme mkali kuliko ule unaopasua hewa, na utando haupasuki. Nimekuwa katika kazi hii miaka kumi na mmoja na hesabu hiyo bado inanishtua.

Walioanza kuisikiliza milango hii walitumia waya na vioo. Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza, ambao makala zao kuu zilitoka 1952, walimtumia ngisi, kwa kuwa neva yake kubwa inaweza kukaribia unene wa milimita moja na ukaweza kuingiza waya ndani yake. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann, huko Ujerumani, walichukua mrija wa kioo wenye ncha ya mikromita moja hivi, wakaugandamiza juu ya utando, wakaupata mkondo wa mlango mmoja ukifunguka na kufunga. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Naiheshimu sana njia hiyo. Nilijifunza kwa mikono yangu, na siku yangu nzuri nilipata seli sita tangu asubuhi hadi jua kuzama. Ni sawa na kutaka kuijua kazi ya wavuvi wote wa Ghuba ya Winam kwa kupanda mashua moja moja. Ya uliyopanda utayajua yote. Nyingine zinabaki gizani.

Mwanga unakuonyesha ghuba nzima, na hapa nitawapa kisa ninachokipenda kuliko vyote katika fani hii: kisa cha pilipili.

Watu walijua kinachowasha katika pilipili ni kapsaisini. Walijua pia kwamba inafungua mlango fulani kwenye neva za maumivu, na kalisiamu inamiminika ndani. Mlango wenyewe hakuna aliyejua ni upi. David Julius na wenzake, huko San Francisco, Marekani, wakachukua jeni zinazofanya kazi katika neva hizo za wanyama jamii ya panya, maelfu kwa maelfu, wakazigawa mafungu. Kila fungu wakalitia katika seli ambazo pilipili haizisumbui hata kidogo. Seli hizo walikuwa wamezinywesha rangi iitwayo fura-2, ambayo mwanga wake hubadilika kalisiamu ikiongezeka. Kisha wakazimwagia kapsaisini, wakatazama. Fungu baada ya fungu, kimya. Halafu katika fungu moja, seli chache zikajibu. Wakaligawa fungu hilo, wakatazama tena, wakaligawa tena, mpaka ikabaki jeni moja mkononi. Mlango huo leo unaitwa TRPV1. Waliutangaza mwaka 1997, na Julius akapata Nobel mwaka 2021. Na mlango huohuo, walipoupasha moto, ulifunguka joto lilipopita nyuzi 43 hivi. Kwa hiyo mtoto akila pilipili na kulia "inaniunguza!", msimwambie anatia chumvi. Kwa neva zake, pilipili na moto wamebisha hodi mlango mmoja.

Zingatieni walichokiona. Hawakuuona mlango. Waliona taa ya aliyepita mlangoni.

Fura-2 ilitoka katika maabara ya Roger Tsien, na makala yake ni ya mwaka 1985. Ni molekuli yenye mikono ya kushika kalisiamu na mwili unaopokea mwanga wa urujuanimno na kurudisha wa kijani. Mikono ikiwa mitupu, hupokea vizuri mwanga wa nanomita 380. Ikishika kalisiamu, hupokea vizuri zaidi ule wa 340. Unaimulika kwa mmoja, unaimulika kwa mwingine, halafu unagawanya jibu la kwanza kwa la pili. Mwanafunzi mmoja wa Maseno aliniuliza kwa nini tujisumbue kugawanya, na ni swali zuri. Seli moja imekunywa rangi nyingi, nyingine kidogo; moja ni nene katikati na nyembamba pembeni. Ukiangalia mng'ao peke yake utasema penye unene ndipo penye kalisiamu nyingi, nawe utakuwa umedanganyika. Ukigawanya, wingi wa rangi uko juu ya mstari na uko chini ya mstari, unajikata wenyewe. Kinachobaki ni kalisiamu. Walimu wa hisabati, mkiulizwa tena darasani kurahisisha sehemu kuna faida gani, mna jibu.

Na kalisiamu ni shahidi mwema kwa sababu seli huifukuza mchana na usiku. Ndani ya seli iliyotulia ni haba mara elfu kumi hivi kuliko nje. Mlango ukifunguka kidogo tu, ndani kunabadilika sana.

Lakini rangi hiyo inaingiaje, ikiwa nayo ina chaji na utando unazikataa chaji? Hapa akili ya Tsien huniacha kinywa wazi. Alizifunika zile chaji kwa vifuniko vya kemikali ili molekuli nzima ipatane na mafuta. Ikavuka utando bila kuzuiwa. Ndani, vimeng'enya vya seli vikavikata vifuniko, chaji zikarudi, na rangi ikashindwa kutoka. Ni mgono: samaki anaingia kwa mdomo mpana, njia ya kurudi hana. Na seli yenyewe ndiyo iliyoufunga.

Baadaye zikaja taa zinazotengenezwa na seli yenyewe. Osamu Shimomura, Mjapani, alikuwa amewakusanya konyeza wa baharini kwa maelfu mengi, na mwaka 1962 akaeleza protini zao zinazong'aa. Jeni ya ile ya kijani ilipopatikana, watu waliweza kuiunga na protini nyingine. Mwaka 1997 Micah Siegel na Ehud Isacoff waliichomeka ndani ya mlango wa potasiamu wenyewe, ili volti ikiusogeza mlango, taa nayo ibadilike. Ilikuwa ya mwendo wa kobe ukilinganisha na neva, na walioifuata wameongeza kasi sana tangu hapo. Nitapita hapo haraka, maana nataka tufike kwenye damu.

Kabla ya damu, niwaambie ukweli kuhusu ugumu wa kazi hii ya mwanga. Wavuvi wa omena hupumzika mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu ziwa zima likiwa jeupe taa yao haina kazi. Tatizo letu ni hilohilo. Seli inang'aa yote, na badiliko unalolitafuta huenda likawa sehemu chache tu kwa mia ya mng'ao huo. Angelo Demuro na Ian Parker wa California walipata dawa yake na kuichapisha mwaka 2005: waliupitisha mwanga wa leza kwa kuulaza sana, ukateleza chini ya seli na kugusa nanomita 100 hivi tu za ukingo wake. Seli nyingine yote ikabaki gizani. Katika giza hilo waliona vimulimuli, kila kimoja ni mlango mmoja unaopitisha kalisiamu, ukifunguka na kufunga. Waliusimamisha usiku bila mwezi.

Tena mwanga unaoonyesha ndio mwanga unaoua. Ukiizidishia seli leza, inakufa mbele yako, na rangi yenyewe inachujuka kama kitenge kilichoachwa juani. Na rangi inayoshika kalisiamu inaipunguza ile unayotaka kuipima. Kwa hiyo mtu wa mwanga asimdharau mtu wa mrija wa kioo. Wakikubaliana wawili hao, ndipo mimi hulala usingizi.

Mwaka wangu wa pili, stima zilipotea wikendi nzima mahali nilipokuwa nikifanya kazi. Jumatatu friji ya kugandisha ilikuwa imeshapoa tena, hakuna aliyesema neno, nami sikuuliza. Kwa majuma sita kila seli niliyoitazama haikujibu chochote. Nilibadilisha seli, nikabadilisha chumvi, nikamlaumu mwenzangu. Kumbe rangi ilikuwa imeyeyuka, unyevu ukaingia, na vile vifuniko vikakatika ndani ya chupa kabla ya kufika kwenye seli. Rangi isiyo na vifuniko haivuki utando. Tangu siku hiyo naweka kijichupa cha barafu chenye sarafu juu yake ndani ya friji. Nikiikuta sarafu imezama chini, najua barafu iliyeyuka nikiwa sipo. Vifaa vya namna hiyo vinauzwa, lakini sarafu ya shilingi tano inatosha.

Sasa damu.

Dada yangu mkubwa ana mtoto mwenye selimundu. Kabla hatujajua, alitibiwa malaria mara tatu katika kliniki moja kwa maumivu ya mifupa, bila yeyote kupima damu yake kwa ugonjwa huo. Wengi wenu mna mtoto kama huyo nyumbani au kwa jirani, na si ajabu. Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, hapo njiani mwa Nakuru, alizunguka Kenya mwaka 1949 akikusanya damu. Aliona kwamba kando ya Ziwa Victoria na pwani, wanaobeba jeni ya selimundu wanazidi mmoja kati ya watano, na nyanda za juu hawafiki mmoja kati ya mia. Mwaka 1954 akaonyesha sababu: anayeirithi kwa mzazi mmoja analindwa dhidi ya malaria kali. Ziwa na mbu wake ndio waliotuandikia damu hii.

Mambo ya shuleni yanaishia kwenye himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, inayojipanga kama vijiti na kuikunja seli. Milango nayo ina habari yake. Seli inapokunjika, utando unavutwa, na kalisiamu inapenya. Kalisiamu ikiingia inafungua mlango mwingine, wa potasiamu, unaoitwa kwa jina la Mhungaria György Gárdos aliyeeleza jambo hilo mwaka 1958. Potasiamu inatoka, maji yanaifuata, seli inakauka. Seli iliyokauka ina himoglobini iliyosongamana, na iliyosongamana hujipanga vijiti upesi zaidi. Ni duara. Daktari anapomwambia mtoto wa dada yangu anywe maji mengi, duara hilo ndilo analopigana nalo. Dawa moja ya kuufunga mlango wa Gárdos, senicapoc, ilijaribiwa kwa wagonjwa. Seli zilivunjika kwa uchache na damu ikapanda, lakini vipindi vya maumivu havikupungua, majaribio yakasimamishwa. Nilisikitika sana niliposoma hayo. Lakini yanatufunza kwamba mlango mmoja hauelezi nyumba nzima, na kwamba lile tundu la kwanza, linaloingiza kalisiamu, linastahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Kulitazama si rahisi, na sababu yake iko machoni penu. Damu ni nyekundu. Himoglobini inaumeza mwanga, na inaumeza zaidi ule wa urujuani na wa karibu na urujuanimno, ambao ndio fura-2 inautegemea. Rangi iliyoshinda kwa pilipili inashindwa kwa damu. Tunatumia nyingine, fluo-4, inayopokea mwanga wa samawati wa nanomita 488 na kurudisha kijani, ambapo himoglobini inameza kidogo. Kwa rangi hiyo tunapoteza ile faida ya kugawanya, kwa hiyo lazima kila seli ilinganishwe na yenyewe kabla na baada. Hakuna rangi ya kufaa kila kazi, kama vile hakuna wavu mmoja wa omena na mbuta.

Kisha malaria. Kimelea kikishaingia ndani ya seli nyekundu kinahitaji chakula, na seli ile haina milango ya kutosha. Kinatoboa mwingine. Sanjay Desai na wenzake waliupima mkondo wa mlango huo mwaka 2000 kwa mrija wa kioo. Lakini walipotaka kujaribu kemikali nyingi mno za kuuziba, waliacha mrija wakatumia njia ambayo hata rangi haihitaji. Waliziweka seli zilizoambukizwa katika maji ya sorbitoli, aina ya sukari. Seli isiyo na kimelea haiiruhusu sorbitoli. Seli yenye kimelea kilichokomaa inaiingiza kwa mlango huo mpya, maji yanaifuata, seli inavimba na kupasuka. Kioevu kilichojaa seli ni cha ukungu, hutawanya mwanga. Seli zikipasuka kinatakata, mwanga unapita. Kwa hiyo walipitisha mwanga tu, wakapima unaofika upande wa pili. Kijikombe cha kemikali kilichobaki na ukungu ndicho chenye dawa iliyouziba mlango. Kwa njia hiyo, mwaka 2011, walizifikia jeni za kimelea ziitwazo clag3 zinazohusika na mlango huo.

Wanaokuza vimelea maabara walikuwa wakitumia sorbitoli asilimia 5 tangu 1979 kuua vilivyokomaa na kubakiza vichanga. Walijua seli zenye vilivyokomaa zinapasuka. Aliyeongeza taa upande mmoja na jicho upande wa pili ndiye aliyeugeuza mpasuko huo kuwa kipimo.

Nimeeleza hilo kirefu kwa sababu kipimo hicho kiko juu ya meza hii. Asubuhi nilipita kichinjioni nikapewa kikombe cha damu ya ng'ombe, imekorogwa kwa kijiti ili isigande, kama mlivyoona wazee wakifanya. Glasi hizi mbili ni sawa. Katika ya kushoto kuna maji yenye chumvi gramu 9 kwa lita. Katika ya kulia kuna maji matupu yaliyochemshwa na kupozwa. Nimevaa glavu, na atakayeshika atavaa. Natia matone ishirini hapa, na ishirini hapa. Nakoroga. Maji yanaingia katika zile seli za kulia, na sehemu kubwa yanapita kwa mlango maalumu wa maji ambao Peter Agre aliugundua katika seli nyekundu hizi hizi, akapata Nobel ya mwaka 2003.

Msichana wa kidato cha pili uliyeshika Taifa Leo, njoo hapa mbele, mwanangu. Shikilia gazeti nyuma ya glasi ya kushoto. Yeyote anaona herufi? Hakuna. Ni kama maziwa mekundu, seli zote zingali nzima. Sasa lipeleke nyuma ya ile ya kulia, taratibu. Tochi ya simu nimeiwasha. Soma tarehe kwa sauti, wa nyuma wakusikie.